Nguo Zisizo na Uzi

Nywila ilipokataa mara ya kwanza, Pini alidhani amekosea herufi. Ilipokataa tena aliandika polepole, kwa kidole kimoja, kama mtoto anayejifunza kuandika jina lake. Kompyuta ikamrudishia maandishi mekundu yale yale.

"Vipi, mbona kimya?" baba yake aliuliza kutoka kwenye kiti cha dirishani.

"Duka halifunguki, Baba."

"Umeme umekatika?"

"Umeme upo. Duka lenyewe ndilo linanikataa."

Duka hilo halikuwa na mlango wala kufuli. Lilikuwa ndani ya mji wa mtandaoni, mji ambao watu wa nchi zote huingia kwa kompyuta zao, kila mmoja akajichagulia umbo la kutembelea humo: mrefu, mfupi, mnene, hata mwenye mabawa akipenda. Kila umbo lilizaliwa na fulana nyeupe na suruali ya buluu, na hakuna aliyekubali kuonekana na sare hiyo kwa muda mrefu. Hapo ndipo Pini alipojipatia riziki. Alichora magauni, makoti na kofia, watu wakayanunua kwa sarafu za mji ule, na sarafu zikageuzwa kuwa pesa za kweli zinazonunua unga, sabuni na dawa.

Mtaani watu walimwita baba yake Fundi, ingawa cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka siku nyingi. Presha ya macho ililila jicho la kulia kabla hajajua kwamba anaumwa. La kushoto lilibaki likiona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na lilibaki hivyo kwa sababu ya matone aliyojitia asubuhi na jioni bila kukosa. Siku alipokata vibaya kitambaa cha suti ya bwana harusi alifunga kazi mwenyewe, kabla hajafungiwa na watu. Lakini mikono ilikuwa bado inajua. Pini akichora, Fundi aliuliza maswali. Huyo mtu akigeuka, pindo linamfuata au linabaki nyuma? Akikaa, kiuno kinapanda? Pini alilizungusha umbo kwenye skrini, akamweleza, naye akasema punguza hapa, achia pale, hapo umekata wima wakati kitambaa kinataka mshazari. Nguo za maduka mengine katika mji ule zilisimama kama maboksi. Za kwao zilianguka mwilini kama nguo. Wateja hawakujua sababu, walijua tu kwamba wanazitaka.

Wiki hiyo gauni moja la kijani, lililokatwa mshazari kutoka begani hadi chini, lilikuwa limechaguliwa kwa maonyesho makubwa ya mji ule. Watu walikuwa wakilinunua kama mkate wa moto.

"Mpigie mjomba wako," Fundi alisema. "Pengine yeye anajua."

Pini alipiga. Simu iliita kwa muda, kisha ikapokelewa kwenye kelele za misumari inayomwagwa kwenye mizani.

"Shikamoo Mjomba. Duka limegoma kunifungulia."

"Marahaba. Halijagoma. Nimebadilisha nywila."

"Umebadilisha? Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa usalama. Mambo yamekuwa makubwa hayo, mpwa wangu, si ya kuachiwa mtoto. Njoo na mama yako dukani tuzungumze."

Akakata. Pini alibaki ameishika simu sikioni.

"Kasemaje?" Fundi aliuliza.

"Kasema tukazungumze."

Fundi aligeuza uso wake dirishani, upande wenye mwanga.

*

Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa mama yake Pini, na duka lake liliuza vifaa vya ujenzi: saruji, mabati, nondo, rangi. Wakati Pini anaanza kazi yake alikuwa hajatimiza umri wa kuwa na kitambulisho. Mji ule wa mtandaoni ulitaka mtu mzima mwenye kitambulisho na akaunti ya benki, na Mjomba akatoa vya kwake. Kompyuta pia aliinunua yeye, iliyotumika, lakini nzima. Kila mwezi alitoa pesa benki, akajikatia alichokiita cha usumbufu, kilichobaki akamkabidhi dada yake. Pini alipopata kitambulisho chake akaomba duka lihamishiwe kwake. Mjomba akasema mwezi ujao. Mwezi ujao huo ulikuwa haujafika.

Mama alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, kwenye shule anakofanya usafi, na mikono yake ilinuka dawa ya vyoo. Alisimama mbele ya kaunta kama mteja asiye na pesa.

"Kaka, huyu mtoto ana wasiwasi," alisema kwa sauti ya chini. "Umrudishie tu, aendelee na kazi yake."

"Sikumnyang'anya kitu," Mjomba alijibu, wala hakushusha sauti. "Nimeweka mambo kwenye mstari. Karatasi zote zina jina la nani?"

"Lako, Kaka."

"Kompyuta kanunua nani?"

"Wewe."

"Na shemeji alipoanza kujigonga kwenye milango, kliniki alipelekwa na gari la nani?"

Mama aliinamisha kichwa. Yote yalikuwa kweli, na Mjomba alijua kuupanga ukweli kama mabati, moja likilalia jingine, maji yasipite.

"Mimi benki wananidai," aliendelea. "Kuna siku wanaweza kuja kufunga hapa. Na wakati huo huo kuna pesa inaingia kwa jina langu, halafu naigawa kama karanga. Nikiulizwa kodi, nitasema ni ya nani? Sikiliza, mpwa wangu. Utakuja hapa. Nitakupa meza kule nyuma. Nitakulipa mshahara kama wenzako wa stoo. Ukitaka chai, chai ipo."

"Mshahara wa duka langu mwenyewe?" Pini aliuliza.

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua rangi ya ukuta aligeuka. "Kesi gani hiyo, mzee? Mbona mmenuna hivyo?"

"Ah, mambo ya watoto," Mjomba alisema akicheka. "Binti anashona nguo za midoli ya kwenye kompyuta. Sasa amekuja juu, anataka nimpe mgodi."

Mteja akacheka, vijana wa stoo wakacheka. Hata Mama alitabasamu kidogo, lile tabasamu la mtu anayetaka jambo lipite haraka. Pini aliliona tabasamu hilo, na likamuuma kuliko kicheko chenyewe.

"Sitakuja," alisema, akatoka.

Njiani Mama alimfikia, akihema. "Umemjibu mjomba wako mbele za watu."

"Na yeye amenifanyia nini mbele za watu?"

"Ni kaka yangu, Pini. Tulipokuwa hatuna mbele wala nyuma, ni yeye."

"Najua, Mama. Kila siku tunaambiwa ni yeye."

Walitembea hadi nyumbani kila mmoja upande wake wa barabara.

*

Kituoni, askari wa zamu aliwapokea vizuri. Aliwavutia benchi, akachukua kalamu. Pini alikuwa amekuja na baba yake safari hii, amemshika kiwiko.

"Haya binti. Kilichoibiwa ni nini?"

"Duka."

"Lote? Liko mtaa gani?"

"Liko kwenye mtandao. Ni duka la nguo."

"Aa. Nguo umezitengeneza, ukazipiga picha, ukaziweka mtandaoni. Nimekuelewa. Sasa nguo zenyewe ziko wapi?"

"Hazipo, afande. Yaani zipo humo humo. Mtu ananunua, umbo lake linavaa."

Askari aliiweka kalamu chini. "Na ukishamuuzia huyo, unabakiwa na nini?"

"Nabaki nayo. Haiishi. Naweza kumuuzia mwingine ile ile."

"Haiishi," askari alirudia, akamwita mwenzake aliyekuwa akichaji simu pembeni. "Njoo usikie. Kaibiwa nguo ambazo hazipo, na zikiuzwa haziishi." Wakatazamana. Hawakuwa watu wabaya. Ilikuwa mchana wa joto na walikuwa hawajapata cha kuwachekesha.

"Afande," Fundi alisema, "mwanangu amekaa miaka akizitengeneza. Nilikuwa pembeni yake. Mimi ni shahidi."

"Mzee wangu, ulikuwa unaziona?"

Askari akaona fimbo nyeupe iliyoegemezwa kwenye benchi, akajirudi. "Samahani, mzee. Sikuwa na maana hiyo. Lakini huyo mnayemlalamikia, kama mlivyosema, si ndugu wa mama wa huyu binti? Na kila kitu kina jina lake. Sasa mimi hapa niandike nini? Rudini nyumbani mkakae kama familia, myamalize."

Walipotoka nje Fundi alijikwaa kwenye ngazi, na Pini akamdaka.

"Pole, Baba."

"Mimi si kitu. Wewe nenda ukafungue duka jingine. Kitambulisho unacho sasa. Mkono ni wako, na mjomba wako hana nywila ya huo mkono."

*

Pini alifungua duka jipya kwa jina lake, na akakuta kwamba katika mji ule jina ndilo kila kitu. Wateja hawakumjua. Duka lake la zamani lilikuwa limesimama barabara kuu ya mji, taa zake zinawaka, na watu walikuwa wakipita mbele ya duka jipya bila hata kugeuza shingo. Alichora mchana kutwa. Fundi aliuliza maswali yake kama kawaida, ingawa sasa aliuliza kwa upole zaidi, kama anayeogopa kumchosha. Zikauzwa kofia mbili na sketi moja.

Ndipo Pini akaliweka gauni la kijani. Halikuwa lile lile. Alilichora upya toka mwanzo, akalirefusha, akalibadilisha mikono. Lakini mshazari ulikuwa ule ule, kwa sababu uliotoka kwenye kichwa kimoja hauwezi kutoka tofauti. Siku hiyo hiyo watu walianza kuja. Mmoja aliandika kwamba amefurahi kupata duka lenye mkono mzuri. Pini aliusoma ujumbe huo kwa sauti, na Fundi akapiga goti lake kwa kiganja.

Kesho yake duka jipya lilikuwa limefungwa. Ujumbe ulisema bidhaa yake imenakiliwa kutoka duka la mtu mwingine, mwenye duka amethibitisha, na kwamba mji ule hauvumilii wezi wa michoro. Pini aliandika maelezo marefu kwa Kiingereza chake cha shule. Akajibiwa na mashine iliyomshukuru kwa kuwasiliana nao.

Alimpigia mjomba wake.

"Kompyuta iliniletea picha mbili," Mjomba alieleza, bila hasira. "Ikaniuliza, je, hili linafanana na la kwenu? Nikabonyeza ndiyo. Ningebonyeza nini, na kweli linafanana?"

"Wameniita mwizi, Mjomba."

"Hawakujui, mpwa wangu. Usilie kwa maneno ya watu wasiokujua. Meza yako bado ipo."

Baada ya hapo nyumba ile iliishi kwa mshahara wa Mama peke yake. Kodi ya nyumba ilikula nusu, na nusu iliyobaki ilivutwa kama lastiki iliyochakaa. Nyama ilitoweka mezani, kisha maziwa. Mama alianza kurudi na viporo vya jikoni shuleni, amevifunga kwenye mfuko ndani ya mfuko ili majirani wasione. Pini alizunguka kwa mafundi wa mtaani kuomba hata kazi ya kutia vifungo. Wawili walimwambia kazi hakuna. Wa tatu alimuuliza kama si yeye yule anayeshona nguo za midoli.

"Baba, matone yanatosha?" aliuliza kila baada ya siku kadhaa.

"Bado yapo. Wale wa dawa siku hizi wanajaza chupa vizuri."

Na kweli, kila asubuhi Mama akijifunga kitambaa kwenda kazini alimwona mumewe ameinua uso, chupa iko juu ya jicho, kisha anajifuta shavu kwa leso. Jioni hivyo hivyo. Alikuwa na desturi ya kujitia mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuona sababu ya kumsimamia.

*

Shule ilifunga mapema siku moja kwa sababu ya mitihani, na Mama akarudi mchana. Jua lilikuwa limejaa chumbani. Fundi alikuwa kitini, uso wake umeelekea mlangoni, na Mama akasimama mbele yake kabisa akivua viatu.

"Pini," Fundi alisema, "hebu niangalizie saa. Mama yako leo atachelewa?"

Mama aliinua mkono, akaupitisha taratibu mbele ya uso wa mumewe. Macho hayakuufuata.

"Pini?"

"Ni mimi," Mama alisema.

Fundi alitabasamu haraka haraka. "Ah, mke wangu. Jua hili linaniumiza, sikukuona vizuri."

Mama alikwenda kwenye rafu, akachukua chupa ya matone, akaitikisa sikioni. Akaifungua, akaikamua juu ya kiganja chake. Ilitoa pumzi tu.

"Tangu lini?"

Fundi alipapasa leso yake.

"Nakuuliza, baba Pini. Tangu lini unajikamulia hewa?"

"Kabla hawajamfungia lile duka la pili." Alizungumza akiielekea sauti ya mkewe. "Ningesema yamekwisha, Pini angekwenda kwa kaka yako siku ile ile. Unamjua. Nilitaka apate nafasi ya kusimama. Nilidhani duka litashika kabla jicho halijaondoka."

Mama aliketi sakafuni, hapo hapo alipokuwa, kiatu kimoja mguuni. Pini alipoingia na ndoo ya maji aliwakuta hivyo, na hakuna aliyemweleza. Aliiona chupa kwenye kiganja cha mama yake, akaelewa.

Kliniki ya macho iliwapokea baada ya kusubiri kwenye benchi hadi mapaja yakafa ganzi. Daktari, mwanamke mwenye sauti iliyochoka, alimulika jicho la kushoto kwa muda mrefu.

"Unaona nini, mzee?"

"Naona mwanga."

"Mkono wangu je? Vidole vingapi?"

"Naona mwanga," Fundi alirudia.

Daktari alizima taa yake. Alieleza kwamba mshipa wa jicho ukishakufa hauwezi kufufuliwa kwa dawa wala kwa upasuaji. Mwanga uliobaki unaweza kulindwa, lakini matone yasikosekane hata siku moja. Akamgeukia Mama. "Mlishindwa kuja mapema? Hata kuuliza tu?" Hakukusudia kumuumiza. Mama alifungua mdomo, akaona maelezo yake ni marefu mno kwa mtu mwenye foleni mlangoni.

"Tulishindwa, daktari," alisema.

*

Mjomba alikuja mwenyewe siku ya mapumziko, mchana, amebeba mkate na paketi ya sukari. Duka la mtandaoni lilikuwa limeanza kudorora mikononi mwake. Maonyesho yalikuwa yamepita, wateja walitaka kitu kipya, na yeye alikuwa na uwezo wa kuuza kilichopo tu. Alikuwa amejaribu kumlipa mtu achore koti. Likatoka kama boksi lenye mikono, na watu wakamwandikia maneno ya kejeli ambayo hakuyaelewa yote.

Hakuwa amesikia habari za jicho. Aliingia akipiga hodi kwa sauti ya furaha, akaenda moja kwa moja kwa Fundi, akamnyooshea mkono.

"Shemeji! Habari za siku nyingi?"

"Nzuri, shemeji. Karibu," Fundi alijibu. Mikono yake ilikaa mapajani.

Mkono wa Mjomba ulibaki hewani. Mwanzoni alidhani amekataliwa, na uso wake ukakaza. Kisha akayatazama macho ya shemeji yake, akautazama mkono wake mwenyewe, akaurudisha taratibu.

"Sikujua," alisema.

"Hukuuliza," Mama alijibu.

Mjomba aliketi. Kwa muda alisahau alichokuja kusema, na inawezekana kwamba muda huo alijuta kweli, maana aliivua kofia yake akaifinyanga mikononi kama unga. Lakini benki ilikuwa bado inamdai, na alikuwa ameshafika.

"Nimekuja kwa ajili ya yule mtoto," alisema hatimaye. "Duka linamhitaji. Sitaki mambo ya mshahara wa stoo tena. Nitamlipa vizuri."

"Kiasi gani?" Pini aliuliza kutoka mlangoni.

"Robo ya mauzo."

"Nusu."

"Nusu haiwezekani. Theluthi, na hapo najikata mwenyewe."

"Na kabla ya theluthi, matone ya Baba. Kila mwezi unanunua wewe, unaleta wewe. Pesa yangu inakuja mkononi kwa Mama."

"Sawa."

"Na duka lirudi kwa jina langu."

Mjomba aliitazama kofia. "Hilo tutalizungumza mbele ya safari," alisema, na wote wanne wakajua kwamba limeshazungumzwa.

"Pini," Fundi alisema, "usiende kwa ajili yangu. Kilichoondoka kimeondoka. Nitakaa gizani kama wanavyokaa wengine."

"Sasa niende kwa ajili ya nani, Baba?" Sauti yake haikuwa na hasira. "Kofia mbili na sketi. Ndizo tu nilizolipwa kabla hawajanifungia. Unga umekwisha, na wewe bado una mwanga."

Fundi alifumba macho. Machozi yalimtoka, na hakujisumbua kuyafuta.

"Nitakuja kesho," Pini alimwambia mjomba wake.

Mjomba alisimama, akaweka mkate na sukari juu ya cherehani iliyofunikwa. "Haya, dada, nimeondoka." Mama alikuwa akifuta meza ambayo haikuwa na kitu. Aliendelea kuifuta hadi hatua za kaka yake zilipoishia nje. Kuanzia siku hiyo hakumwita tena Kaka. Akilazimika kumtaja, alisema mwenye duka.

*

Meza ya Pini iliwekwa nyuma, kati ya marobota ya nyaya na makopo ya rangi. Vumbi la saruji liliingia kwenye vitufe vya kompyuta, naye akawa analipuliza kila asubuhi kabla ya kuanza. Alichora koti refu la kijivu lenye kola pana. Jioni alimweleza baba yake kila mshono, na Fundi alichukua shuka, akalikunja begani kwake, akapapasa, akasema kola ikate mshazari, itajilaza yenyewe. Koti likatoka. Mji ule wa mtandaoni ukalipokea kwa fujo, na wateja waliokuwa wamehama wakarudi makundi makundi.

Juu ya duka, palipokuwa na nembo ya Pini, picha ya pini ya fedha, Mjomba alikuwa ameweka picha yake mwenyewe, amevaa suti, amesimama mbele ya mabati. Wateja walimsifu. Wengine walimwita mwalimu. Alipenda Pini amsomee maneno hayo akiwa anapima misumari.

Jarida moja la mji ule, linaloandika habari za mavazi, likaomba mahojiano. Mjomba alivuta kigoda akaketi kando ya Pini. Maswali yaliandikwa kwa Kiingereza. Pini aliyasoma kwa Kiswahili, Mjomba akajibu, Pini akaandika.

"Wanauliza ulianza lini."

"Waambie toka utoto. Nilikuwa napenda vitu vizuri."

Aliandika.

"Wanauliza unapata wapi mawazo ya nguo zako."

"Kichwani. Waambie najiwa tu, hata nikiwa nakula."

Aliandika hilo pia. Swali la mwisho lilikuwa refu, akalisoma mara mbili kimyakimya. "Wanasema nguo zako ndizo pekee kule zinazoanguka kama kitambaa cha kweli. Wanauliza nani alikufundisha."

Mjomba alifikiri. Mteja alikuwa akigonga kaunta kwa sarafu, anataka gundi. "Waambie nilijifundisha mwenyewe," alisema, akiinuka.

Vidole vya Pini vilisimama juu ya vitufe. Kisha viliandika, bila haraka, maneno mengine kabisa.

"Umeandika?" Mjomba aliuliza kutoka kaunta.

"Nimeandika."

"Tuma."

Akatuma.

Jarida lilipotoka, Pini alikuwa nyumbani, siku ya mapumziko, mchana. Mama alikuwa akianika nguo uani. Fundi alikuwa dirishani, upande wa mwanga wake. Pini alikaa karibu yake na simu, akamtafsiria mahojiano: utoto, vitu vizuri, mawazo yanayokuja wakati wa kula. Fundi alicheka mara moja, kwa pua.

"Huyo kweli ni mwenye duka," alisema.

"Kuna jibu la mwisho. Waliuliza nani alimfundisha." Pini alisafisha koo. "'Nilifundishwa na baba yangu. Alikuwa fundi, na bado ni fundi. Kila nguo mnayoiona hapa, aliishika kwanza yeye.'"

Fundi hakusogea. Mikono yake ilitafuta kitu mapajani, haikupata, ikashikana yenyewe.

"Wameandika hivyo? Watu wote wanasoma?"

"Watu wote."

"Na picha wameweka?"

Pini aliitazama simu. Chini ya maneno yale alisimama Mjomba ndani ya suti yake, mabati yanang'aa nyuma yake, na chini ya miguu yake limeandikwa jina lake kamili.

"Wameweka."

"Ya nani?"

Nje, Mama alikuwa ameacha kuanika, ameshika shati lililolowa, anasikiliza.

"Ya koti, Baba," Pini alisema. "Wameweka picha ya koti."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Akaomba asomewe tena lile jibu la mwisho, polepole, na Pini akalisoma tena.